Mama Mkwe Anakula Hadharani

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Fridah ametuamuru tuandike. Kila mwenye biashara, amesema, awe na daftari la siku zake: amepika nini, amekutana na nani, amekosea wapi, hata kama ni mstari mmoja. Basi mimi Nabwire, mwenye Hoteli ya Nabwire hapa Malaba, mpakani na Uganda, naandika. Daftari ni la zamani la binti yangu Sharlyne, la alipokuwa kidato cha pili. Kurasa za mbele zina chura aliyepasuliwa tumbo, za nyuma ni zangu.

Darasa letu halina ukuta wala ubao. Ni grupu ya WhatsApp. Mwalimu Fridah yuko Nakuru, anauza mitumba, wala hajawahi kufundisha shule yoyote. Kila Jumatatu na Jumatano saa kumi alasiri, sufuria zikiwa zimepumzika, anatuma sauti yake, nasi tunasikiliza, tunauliza, tunapewa zoezi. Humo mna vinyozi, wauza nyanya, mafundi cherehani, na mama mmoja wa Voi anayefuga sungura. Ada yake ni moja tu: ukijifunza kitu, umfundishe jirani. Mimi nililetwa na Petronilla, mwenzangu wa jikoni, ambaye naye aliletwa na msusi wake.

Na kwa nini mwanamke wa umri wangu arudi shule? Kwa sababu ya yadi. Zamani malori yalipanga foleni mbele ya mlango wangu, na madereva wakishuka wanaingia kwangu moja kwa moja. Tangu Januari yanangojea ndani ya yadi mpya yenye ukuta, upande wa Amagoro, na mlangoni pangu pamebaki lami tupu na mbuzi wa watu. Kaka yangu Wanyama ndiye aliyeniazima mabati ya paa hili nilipofiwa na mume. Amesema mvua hizi zikiisha na hoteli bado iko tupu, atakuja na mkokoteni ayachukue akaezekee banda la kuku kwake Matayos, nami nirudi huko nikalime. Mvua yenyewe imeanza leo. Nimeisikia juu ya mabati yake nikakaza kitambaa kichwani.

Jumatano, 12 Machi

Somo: mteja lazima akuone. Nimeinua mkono, yaani nimetuma sauti, nikamwambia Mwalimu kwamba kwetu tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Amecheka kwanza.

"Mama Malaba, kizuri chajiuza kikiwa sokoni. Chako kiko jikoni, kimefunikwa na kifuniko cha sufuria. Nani atakiona?"

Darasa zima limenitumia vikatuni vya kucheka. Nimenuna mpaka ugali ukaungua. Nilipokuwa nakwangua ukoko nimekubali kwamba mwanamke huyo ana akili.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Wateja wawili, na mmoja alikuwa anakwepa mvua tu.

Jumatatu, 17 Machi

Somo limekatika katikati! Huku nyuma jikoni simu yangu hushika mtandao wa Uganda. Inanikaribisha Uganda kwa adabu zote, kisha inameza bando langu lote. Petronilla amegundua kwamba ukisimama juu ya stuli karibu na dirisha la barabarani unabaki Kenya. Basi tumesoma juu ya stuli kwa zamu, mmoja akisikiliza, mwingine akiwa ameishika miguu ya stuli, na fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara akituuliza kama tunapaka rangi.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekwenda yadini kuuliza kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Sikufika getini.

Pale getini, chini ya mwavuli mkubwa, nyuma ya meza, ameketi Emukule! Emukule ni mkwe wangu, kijana wa Chakol aliyemwoa Sharlyne Desemba iliyopita. Nilijua ni clearing agent, wakala wa kupitisha mizigo forodhani, sikujua kwamba ndiye aliyewekwa kuandika kila kinachoingia yadini. Aliponiona aliruka kama aliyekalia siafu, akazama nyuma ya lori la simenti. Nami nikageuka mbiombio, nikaingia duka la spea, nikaanza kuuliza bei ya tairi za trela. Muuzaji aliniuliza trela yangu ni ya magurudumu mangapi.

Tusilaumiane, ndivyo ilivyo. Kwetu Wakhayo, Waluhya wa mpakani, na kwao Wateso jambo hili ni moja. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na hasa, hasa, hawaonani wakila. Mpaka ile siku ya kufunguana mdomo, upande wa mume unapoleta mbuzi na blanketi, watu wakaketi wakala pamoja kwa mara ya kwanza. Kuna watu wamekaa miaka kumi hawajafika hapo.

Sasa ona bahati yangu. Malaba hii ina watu wengi kuliko siafu, na mlango pekee wa kufikia wateja wangu umekaliwa na mtu pekee nisiyeweza kusimama mbele yake. Na nitasema kweli kwa kuwa daftari ni langu: sijawahi kumpenda sana. Ana viatu vilivyochongoka, na neno lake ni moja kwa wiki. Angalau angemtuma Sharlyne aniambie, mama, usijali, nipo getini. Kimya! Anaringa na hiyo meza yake.

Jumatano, 26 Machi

Tumepata dawa. Petronilla atakuwa miguu yangu. Dereva Ogutu, mteja wangu wa tangu zamani, amepiga simu akiwa ndani ya yadi, amechoka kula biskuti. Nimempakulia samaki wa moshi aliyepikwa kwa karanga, ugali wa wimbi na kunde. Petronilla amepita getini bila shida. Anasema yule kijana hata hakuuliza mengi, aliandika tu akamwambia, "Enda haraka dada, isipoe."

Agizo moja. Lakini ni la kwanza kuja kwa simu, nami nimecheza peke yangu jikoni.

Jumatano, 2 Aprili

Somo la picha. Chakula kipigwe picha karibu na dirisha, si chini ya balbu, na sahani ifutwe ukingo. Nimempiga samaki wangu picha karibu na dirisha, mchuzi unang'aa, mvuke unapanda. Mama wa sungura ameandika kwamba ametamani mpaka ameenda kula tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo Mwalimu ametupa zoezi kubwa. "Watu hawanunui chakula," amesema, "wananunua kwa mtu. Wakuone. Na mpishi anayeogopa kula chakula chake mbele yangu, mimi sili kwake. Kufikia Jumatano kila mtu atume video: anaonyesha kazi yake, anaieleza, na anaitumia mwenyewe. Kinyozi anyolewe. Fundi avae. Mpishi ale!"

Nitavaa kitenge cha Krismasi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefanya! Petronilla ameshika simu, mimi nimesimama dirishani. Nimesema, "Mimi ni Nabwire wa Malaba. Huyu ni samaki wa moshi kwa karanga. Karanga nazitwanga mwenyewe kwenye kinu, si za mashine. Dereva, ukifika Webuye nipigie, ukifika Malaba sahani inakungoja." Halafu nikaketi nikala. Wacha nile! Nilikata tonge, nikalibonyeza, nikachota mchuzi, nikafumba macho. Sikuwa naigiza, nilikuwa na njaa tangu asubuhi. Mwisho kabisa nikalamba vidole vyote vitano, kimoja kimoja, nikasema, "Wewe unangoja nini?"

Nimeiweka kwenye stetasi, nimeituma kwa darasa, nimemtumia Ogutu.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi! Simu imeita tangu kabla sijachemsha chai. Dereva yuko Eldoret anataka mbili. Dereva yuko Bungoma anataka tatu na taniboi wake, yaani utingo, anataka ya kwake. Mtu ameandika kutoka Tororo, sijui hata video imevukaje mpaka kabla yangu. Petronilla amekwenda yadini na kurudi mpaka boda wake akamwambia anunue pikipiki. Kinu kimetwanga mpaka mkono umeniuma, na maumivu hayo nimeyapenda.

Alasiri Mwalimu ameirusha video yangu mbele ya darasa zima. "Hiyo ya vidole," amesema, "hiyo siwezi kufundisha, mtu huzaliwa nayo." Nimesikiliza sauti hiyo mara nyingi, juu ya stuli, mpaka Petronilla akaniambia nishuke kuna watu wanangoja.

Ndiyo, watu! Humu ndani! Meza tatu zimejaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Sharlyne amepiga simu nikiwa nachambua kunde. Sikumaliza hata kumsalimu.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya biashara."

"Mama, si hiyo. Ile video! Iko kwa grupu ya madereva, iko kwa ya clearing agents, sai imefika Chakol. Mzee Methuselah ameiona."

Mzee Methuselah ni baba yake Emukule. Nikamwambia mzee huyo hana simu ya kuona video.

"Ameonyeshwa na wazee wenzake wakiwa wamekaa. Mama, wewe unakula! Unakula, unalamba vidole, mbele ya mkwe wako na baba yake na Chakol yote!"

Kunde zikaanguka chini. Nakuapia, daftari, halikuwa limenipitia kichwani hata kidogo. Wiki zote hizi nimejificha kwenye maduka ya spea ili kijana huyu asinione nikimeza hata mate, kisha nikavaa kitenge cha Krismasi nikajitafunia mbele ya dunia nzima. Nilikuwa nafikiria madereva tu. Furaha ilinivisha miwani ya mbao.

"Na mzee amesemaje?"

"Amesema umemdharau. Amesema mtu anayekula hivyo mbele ya mkwe hajui kwamba binti yake ameolewa. Amemkataza Emukule kugusa chakula chako. Chako kikifika getini, yeye atoke pale mpaka kirudi."

"Na Emukule mwenyewe?"

"Hasemi kitu, mama. Unajua alivyo."

Nilijua. Nilikaa chini nikaokota kunde moja moja nikilia kwa hasira, na sikujua hasira yenyewe ni ya nani. Mchana Petronilla alirudi na sahani zote zikiwa zimejaa na zimepoa. Getini hakukuwa na mtu wa kuandika, na kisichoandikwa hakiingii. Madereva walikuwa ndani ya ukuta wakipiga simu, sisi tuko nje ya ukuta na chakula chao.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeifuta video. Sasa iko kila mahali isipokuwa kwangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelieleza darasa. Kinyozi wa Kitale ameelewa mara moja, amenipa pole kama ya msiba. Mama wa Voi ameuliza shida iko wapi, kwani mkwe alidhani sili? Mwalimu amesema, "Mama Malaba, mila za kwenu sizijui, siwezi kuzifundisha. Nakuuliza tu. Mteja akikasirika nawe, unafanyaje?"

"Namwendea," nikasema.

"Basi."

Basi nini? Huyu ndiye mteja nisiyeweza kumwendea! Nimezima simu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya kanisa Wanyama amepita kunisalimu. Amekula vizuri, amenishukuru, kisha ameinua macho akapita na paa kutoka ukuta hadi ukuta. "Bado yako sawa," amesema. "Hayajashika kutu." Nimemwambia mvua bado ipo. Amesema anaona.

Jumatano, 30 Aprili

Wiki tatu za uji na chai. Wanaokula kwangu ni fundi wa baiskeli na mbuzi. Bado nasikiliza masomo, lakini nimekaa chini, siyo juu ya stuli.

Jumatatu, 5 Mei

Nimelowa mpaka mifupa na siwezi kulala kabla sijaandika haya!

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, si ya kuulizana. Mto wa mpakani ulipanda, ng'ambo Uganda wakafunga njia, malori yakakwama yadini yakiwa yamebanana. Petronilla alikuwa kwao Adungosi na hakuweza kuvuka. Saa tano Ogutu akapiga.

"Mama, tuko hapa tunakufa njaa. Wale wa chapati wamekimbia mvua. Leta kila kitu uko nacho, yadi yote italipa."

"Mtu wa getini atatoka."

"Atatoka aende wapi, mama? Mvua hii?"

Nikatazama sufuria. Nikatazama mabati. Nikasema, Nabwire, miguu yako imekwama Adungosi, basi tumia hii mingine. Nilipika mpaka saa nane kama mtu anayefukuzwa. Sufuria mbili za samaki na karanga, ndoo ya ugali nimeifunga kwa nailoni. Boda alinishusha getini, akateremsha vitu, akapotea kwa sababu hata yeye alikuwa analowa.

Emukule alikuwa pale chini ya mwavuli. Nyuma yake maji yalifika magotini, na kontena la ofisi lilikuwa limejaa madereva hadi mlangoni. Hakuwa na pa kukimbilia, wala mimi. Tukafanya kile ambacho mwili ulijua wenyewe, tukageukiana migongo. Yeye aliangalia lori, mimi niliangalia barabara ya Amagoro. Katikati yetu kulikuwa na geti, ndoo ya ugali na mvua ya Mungu.

Madereva walikuwa wametulia wakitutazama, sahani mkononi.

Namwendea, nilimwambia Mwalimu. Nikatoa simu kwenye kifua, nikaifunika kwa kitenge, nikamtumia sauti.

"Emukule mwanangu, ni mama yake Sharlyne. Niko nyuma yako. Sikukula mbele yako kwa dharau. Nilifurahi, nikasahau. Nisamehe. Na kama umenisamehe, hiki chakula kinapoa."

Nikasikia simu yake ikilia. Akaifungua, na kwa kuwa mvua ilikuwa na kelele aliiweka juu kabisa, hivyo yadi nzima ikasikia nikiomba msamaha. Taniboi mmoja akasema "Amina."

Halafu simu yangu ikatetemeka. Sijawahi kusikia kijana huyo akisema maneno mengi hivyo.

"Mama, pole na mvua. Mimi ndio nilituma hiyo video kwa grupu ya madereva. Si mtu mwingine. Nilisikia kwa stetasi yako vile ulikuwa unaelezea samaki, nikasema hawa watu lazima wajue hii chakula. Ukianza tu kukula, nikageuza simu ikaangalia meza. Nilisikiliza sauti peke yake. Mpaka wa leo sijaona mwisho wake. Mzee akauliza nani ametuma, nikanyamaza, na wewe ukabeba lawama. Niliogopa, mama. Hata sai naogopa."

Mimi huyu! Mimi niliyesema anaringa! Kijana aliyegeuza simu ikaangalia meza, peke yake, hakuna anayemwona, ili asivunje heshima yangu. Machozi yalichanganyika na mvua na sikuyafuta. Nikasahau simu, nikapaza sauti yangu kwa barabara ya Amagoro.

"Fungua geti kwanza, uogope baadaye!"

Yadi ikalipuka kwa kicheko. Emukule akatembea kinyumenyume akitafuta komeo kwa mkono, akagonga pipa, akalipata, akavuta geti. Ogutu na wenzake wakabeba sufuria. Nimepakua mpaka mwiko ukagonga chini. Nilipomaliza niliacha sahani moja iliyofunikwa juu ya meza yake, nikaondoka bila kugeuka, kwa sababu hata yeye ana haki ya kula bila kuonwa na mama mkwe.

Jumanne, 6 Mei

Sahani imerudi na boda. Imeoshwa.

Jumatano, 7 Mei

Nimelisimulia darasa. Kulikuwa kimya, nikadhani niko Uganda. Kisha Mwalimu akasema, "Somo hilo sikuwa nalo. Asante." Nimerudi juu ya stuli.

Jumatano, 14 Mei

Emukule amemwambia baba yake kila kitu. Sharlyne anasema alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Mzee Methuselah alimsikiliza mpaka mwisho. Leo amenitumia sauti yake kupitia simu ya Sharlyne. Ana sauti nzito, anazungumza na simu kama anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Mama Sharlyne! Huyu kijana ndiye alifungua mlango, halafu akaacha wewe usimame hapo na aibu. Nimemwambia makosa ni yake. Sasa maneno ya kungoja miaka, hayo yameisha. Mdomo umeshafunguka. Mbuzi ndiye amechelewa! Mwisho wa mwezi tunakuja. Tuambie wapi."

Nimejibu bila kupumua. Hapa. Hotelini kwangu.

Ijumaa, 16 Mei

Wanyama amepiga. Kwa kuwa mume wangu hayupo, yeye ndiye wa kupokea wakwe, na alitaka iwe Matayos. Nimemwambia mji wangu ni huu. Amenung'unika, kisha amekubali. "Lakini mvua imepungua, dada. Nitakuja na mkokoteni siku hiyohiyo, nisifanye safari mbili."

Nimemwambia kuna wateja sasa. Amesema wateja wa mvua ni kama uyoga, na kwamba ataamini akiona.

Jumatano, 21 Mei

Maagizo yamerudi, na yamerudi na ndugu zake. Madereva wanatuma wakiwa Webuye, sahani zinawangoja, na wengine wanaegesha yadini wanatembea mpaka kwangu kwa sababu wanataka kuketi. Fundi wa baiskeli hapati kiti. Nimemfundisha kupiga picha karibu na dirisha, ndiyo ada yangu.

Jumamosi, 31 Mei

Wamekuja.

Wanyama alifika wa kwanza, na mkokoteni wake, na nyundo ndani ya mfuko. Akauacha nje karibu na mbuzi. Akaingia akakuta madereva wamejaa meza mbili za mlangoni, akasalimia, akaketi ndani kwenye kiti kikubwa. Kisha Mzee Methuselah na wazee wawili na wake zao, Sharlyne akiwa ameng'aa, na nyuma kabisa Emukule, macho chini, viatu vyake vilivyochongoka vimepakwa rangi. Mbuzi alikuwa mwekundu. Blanketi lilikuwa zito, nikafunikwa mabegani, nikatoka jasho na nikalikumbatia hivyohivyo.

Mvua ndogo ikaanza, ya mwisho mwisho, ikipiga mabati taratibu.

Nilikuwa nimechinja kuku kwa mkono wangu. Kila Mluhya anajua kwamba firigisi haigawiwi ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na mwingine akiila ni matusi. Nikaipakua peke yake kwenye sahani nyeupe, nikapita mbele ya wakwe wote wakitazama, nikapiga magoti mbele ya Wanyama.

Akaitazama firigisi. Akanitazama. Akainua macho kwenye mabati yake, akayateremsha kwa Mzee Methuselah, ambaye alikuwa anangoja mwenyeji aanze.

"Nabwire," akasema chinichini, "wewe ni mtu mbaya sana."

"Kula, mwenye nyumba."

Akala. Na alipomaliza akafuta mdomo akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Wakwe, karibuni katika nyumba hii." Mtu haezui nyumba aliyowakaribisha wakwe, hata kama mabati ni yake. Petronilla alikuwa ameegemea mlango wa jikoni akicheka ndani ya leso. Baadaye mkokoteni ulirudi Matayos na kuku wangu wanne wa kuanzia, kwa ajili ya banda litakaloezekwa nyasi.

Kisha ikawa zamu yetu. Waliniweka upande huu wa meza na Emukule upande ule, sahani moja katikati, samaki wa moshi kwa karanga, mimi ndiye niliyesema awe huyo. Nikakata tonge, yeye akakata lake. Akainua macho. Kumbe ana macho ya upole, tena ya mtu mcheshi. Nimemtafuna samaki huku mkwe wangu akinitazama, naye akatafuna nikimtazama, na wazee wakapiga makofi.

Tulipomaliza kula, Emukule alinawa, akafuta mikono vizuri, akatoa simu mfukoni. Akatafuta kitu kwa muda. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema karanga nazitwanga mwenyewe. Hakuigeuza simu iangalie meza. Aliitazama mpaka mwisho, halafu akaniangalia, kijana wa neno moja kwa wiki.

"Mama," akasema, "kumbe ulilamba vidole vyote."